Dodoso la Nyumba ya Mama Mkwe

Haya basi, mmenikaba tangu tunanawa mikono, acha niseme mwenyewe kabla shemeji zangu hawajalisema kwa chumvi yao, maana aliyeaibika ni mimi na ninayejua aibu ilianzia wapi ni mimi. Mwanamume mzima, baba wa watoto wawili, nimekaa barazani kwa mama mkwe wangu pale Kigombe, nimevaa miwani ya jua ya kuazima, namuuliza yeye mwenyewe habari za mkwe wake, kalamu mkononi. Sikusingiziwa na mtu. Nilifanya yote kwa akili zangu timamu.

Ila lazima mjue kwanza mwanangu alifikaje kule. Ile miaka ya shida, sabuni kwa foleni, sukari mpaka zamu ya duka la kaya ifike, sisi tulikuwa na chumba kimoja mjini, Nguvumali, na mke wangu Zaina akajifungua mtoto wa pili wakati huyu wa kwanza, Mwanaidi, hajatimiza hata miaka mitatu. Mama yake Zaina akaleta salamu kwamba mleteni huyo mkubwa kwangu, huku angalau samaki hakosi. Tukampeleka. Kwa muda tu, ndivyo tulivyosema, na mimi nikaahidi mbele ya watu kwamba kila Ijumaa ya pili nitakuwa Kigombe.

Nilikwenda mara mbili. Ya tatu nikasema basi hakuna, na kweli hakukuwa na basi. Ya nne baiskeli ilipasuka mpira na viraka vilikuwa havipatikani. Halafu ikaja ile aibu yetu sisi wanaume wa pwani (msinicheke, hata nyinyi mnayo): kwa mkwe huendi mikono mitupu, na mtu aliyekosa miezi mitatu hawezi kupeleka kipande cha sabuni, sharti apeleke doti ya khanga, basi nikawa natafuta khanga, na kila mwezi ukipita zawadi inazidi kuwa kubwa kichwani mwangu na mimi nazidi kuwa mbali. Zama za ruksa zikaingia, khanga zikajaa madukani, mitumba ikamwagwa mpaka barabarani. Uhaba ukaisha, visingizio vikabaki. Zaina alikuwa akienda kila alipoweza, mtoto mdogo mgongoni, mimi nikimsindikiza mpaka stendi na salamu nyingi. Ukafika mwaka na nusu.

Sasa hapo ndipo ulipokuja utafiti. Watu wa chuo walitaka kujua wazazi wanaleaje watoto katika hali ile ya maisha, nani anamlisha mtoto, nani anamwogesha, baba yuko wapi, na mtoto mwenyewe ana uzito gani. Nikaajiriwa kuwa mdodosaji, yaani yule anayepita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali. Siku ya mafunzo msimamizi wetu, Bi Elizabeti, mwanamke wa Lushoto, Mlutheri aliyenyooka kama rula, akatuuliza ni nani kati yetu anaishi na watoto wake wote. Wanaume wenzangu wakaangalia viatu. Mimi nikanyoosha mkono. Si hivyo tu, nikaongeza (hakuna aliyeniuliza) kwamba wanangu nawajua mpaka uzito wao. Bi Elizabeti akasema, "Mnamwona huyu? Baba ndiye huyu." Tangu siku hiyo nikawa mfano, na ikanong'onwa kwamba kazi ikihamia Mwera, kule Pangani, mimi nitapandishwa kuwa msimamizi. Nafasi hiyo niliitaka kuliko chakula, kwa sababu mshahara wake ungetutoa katika chumba kimoja na Mwanaidi angerudi nyumbani. Hilo naliapia. Nilikuwa nimekaza nia kweli, ila nilikaza mahali pasipo pake.

Siku ya Kigombe, asubuhi, Bi Elizabeti akasoma nyumba zilizoangukiwa na bahati nasibu. "Wewe nyumba ya kumi na nne, Bi Mwanahawa Saidi. Na leo nitakaa nawe nione unavyohoji, ndiyo siku yako ya mwisho ya kupimwa." Bi Mwanahawa Saidi ni mama mkwe wangu. Kanuni ilikuwa wazi kwamba mdodosaji hahoji jamaa yake, anasema tu, anabadilishiwa nyumba. Maneno manne tu, "hapo kwa mkwe wangu". Lakini ningeyasema angeuliza, na akiuliza angejua kuna mtoto wangu mle ndani, na yule baba wa mfano angekufa palepale. Nikafunga mdomo. Nikamwomba dereva miwani yake ya jua.

Njiani nilikuwa na hofu moja tu, kwamba Mwanaidi ataniona na kupiga kelele, "Baba." Tukapiga hodi. Akatoka kitoto kirembo, nywele za kusuka mistari minne, meno yote, kagauni ka mtumba kenye kola. Akanitazama. Akasema, "Shikamoo," kwa adabu ileile aliyomwamkia nayo Bi Elizabeti, halafu akaenda zake kucheza. Nilichokiogopa hakikutokea, na hicho ndicho kilichoniumiza. Nilitaka kugeuza palepale lakini mkeka ulishatandikwa.

Mama mkwe akatoka na khanga yake kichwani. Aliponiona alisimama kidogo, kidogo sana, mtu mgeni asingegundua. Halafu akaivuta khanga mpaka ikafunika nusu ya uso, akakaa upande, akasema, "Karibuni wageni. Karibu, bwana mwandishi."

Nikajua ameshanitambua, na nikajua ameamua kunyamaza, nikamshukuru Mungu. Sikujua nashukuru mapema.

Kwetu mkwe hatazamwi usoni, na mafunzo yanasema mtazame mhojiwa. Basi nikakaa nimeielekea nguzo ya mlango, naiuliza nguzo maswali, na Bi Elizabeti nyuma yangu ananong'ona, "Mtazame mama, mtazame." Maswali ya mwanzo yalipita. Idadi ya vyumba, maji ya kisima, choo. Kisha nikafungua ukurasa wa tatu nikakuta yale ya mlezi mwanamke, amezaa mara ngapi, alinyonyesha miezi mingapi, na anatumia njia gani ya kupanga uzazi. Mimi namuuliza mama wa mke wangu njia ya kupanga uzazi. Jasho lilinitoka mpaka miwani ikateleza puani. Nikalisoma swali kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na kwikwi, na nguzo haikujibu. Mama akasema taratibu, "Hilo liruke, bwana mwandishi, kwa heshima ya nyumba yangu." Bi Elizabeti akasema haidhuru, endelea na sehemu ya baba wa mtoto.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mama mkwe kwa mila zetu hawezi kumkalisha mkwewe akamsema. Hata awe na donge la mwaka na nusu, atalimeza, atamtuma mtu wa tatu azungumze kwa mafumbo. Mimi hilo nililijua na nililitegemea. Nilichosahau ni kwamba nimemletea mtu wa tatu mwenyewe, kwa mikono yangu, kapigwa chapa kurasa nane. Kumsema mkwe ni mwiko, kulijibu dodoso la chuo si mwiko.

"Baba wa mtoto yu hai?" nikauliza.

"Yu hai. Nasikia ana afya njema."

"Mara ya mwisho alikuja lini kumwona mtoto?"

"Andika hivi. Alikuja mara mbili. Mara ya pili alikuja saa nne akaondoka saa sita, na mtoto alimlilia mpaka akatapika. Hajarudi. Umeandika katapika?"

Nikaandika. Bi Elizabeti akavuta pumzi kwa uchungu. Majirani nao walishaanza kujaa barazani, mama muuza maandazi, Bwana Karimu wa duka la Kihindi lililo mkabala, na Kombo, shemeji yangu mwenyewe, kaka yake Zaina, fundi vitanda, ambaye alisimama na randa yake mkononi, kauma midomo asicheke. Wote walikuwa wamenijua. Walinijua tangu nashuka garini, na hakuna aliyesema neno, kila mtu alitaka kulisikia dodoso mpaka mwisho.

"Baba huleta matumizi gani?"

"Salamu. Huleta salamu nyingi."

"Mtoto akisema baba, humwita nani?"

Hilo mama hakulijibu kwa kejeli. Akasema, "Humwita Kombo, mjomba wake. Hatukumfundisha. Alianza mwenyewe, aliposikia watoto wa jirani wanaita na yeye hana wa kumwita."

Kombo akaacha kucheka. Mimi kalamu ilinigomea. Nilikuwa natazama kile kisanduku cha jibu, kinataka jina moja tu, na mkono hauendi. Bi Elizabeti akadhani ni huruma ya kazi, akaniondolea ubao wa karatasi mapajani, akaandika Kombo mwenyewe, halafu akashindwa kujizuia, akamwambia mama, "Samahani, mama, sisi haturuhusiwi kutoa maoni. Lakini huyo baba angekuwa mbele yangu ningemwambia maneno asiyoyasahau."

Mama mkwe akaitengeneza khanga yake.

"Mwambie tu, mwanangu," akasema. "Anakusikia."

Kicheko kilichopigwa pale, naambiwa, kilifika mpaka msikitini. Bwana Karimu alishika ukuta. Nikavua miwani, sasa ya nini. Bi Elizabeti alinitazama, akaitazama nguzo, akamtazama mtoto, maana kweli Mwanaidi ana masikio yangu haya yaliyosimama, hakuna aliyemwonyesha bali aliona mwenyewe. Nikangoja maneno nisiyoyasahau. Hakuyasema. Alichofanya ni kibaya zaidi, alichana kurasa zangu nane, akatoa dodoso jipya kwenye mkoba, akasema, "Hili limeharibika, mdodosaji ni jamaa. Nitalirudia mimi. Na kwa kuwa baba yupo, sehemu ya baba atajibu baba. Kaa mkekani."

Ningeweza kuondoka. Gari lilikuwa pale, na kazi nilishajua imekwenda na maji. Lakini kuna kitu kilinipanda, nikasema ukiyavulia nguo sharti uyaoge, mwaka na nusu nimekimbia mlango huu, leo sikimbii. Nikavua viatu nikakaa mkekani.

"Mtoto hupenda kula nini?" Nikasema wali. Mama muuza maandazi akasema, "Ndizi za nazi, wali hautaki." "Rafiki yake mkubwa ni nani?" Sikujua. "Hulala na nani?" Nikasema na bibi yake. Baraza zima likaitikia, "Na paka." "Ana uzito gani?" Hapo Bi Elizabeti akanitazama vizuri, kwa sababu sote wawili tulikumbuka siku ya mafunzo. Nikasema, "Sijui. Nilisema uongo."

Akaashiria mizani, ile ya kuning'iniza, tuliyokuwa tumeitundika kwenye boriti. "Basi mpime," akasema.

Nikamwendea Mwanaidi nikamwinua. Alikuwa mzito kuliko nilivyomweka akilini, kule kichwani mwangu alikuwa bado na miaka mitatu. Akaning'inia kwenye ule mfuko, miguu yachezacheza, ananitazama kwa makini. Akauliza, "Wewe ndiye wa mizani?" Nikasema ndiyo. Nililia, ndiyo, mbele ya Bwana Karimu, na msinifanye nirudie.

Usimamizi wa Mwera alipewa mwingine. Mimi nilikwenda Mwera vilevile, ila kama mbeba mizani, nimeitia begani kama mzigo wa ndizi, na sikusema neno, nilibeba mpaka kazi ikaisha. Lakini kabla ya hapo ilikuja Ijumaa. Sikuwa na khanga, sikuwa na sukari, sikuwa na kitu. Nilitoka Nguvumali alfajiri kwa baiskeli yenye viraka sita, nikafika Kigombe shati limenigandia mgongoni, nikasimama nje kwa mkwe nimeshika mikono yangu mitupu mbele yangu kama mtu aliyeiba. Mwanaidi akachungulia, akakimbilia ndani. "Bibi, yule mtu wa mizani kaja."

Nikaisikia sauti ya mama nyuma ya pazia, haisemi na mimi, inasema na mtoto, kama mila inavyotaka. "Mwambie akae. Na mwambie nimeona hana kitu mkononi, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nataka tangu zamani."

Ijumaa ya saba Mwanaidi akaniita Baba Mizani. Ilipofika Idi tulimchukua nyumbani, chumba kilekile kimoja, tukalala kama dagaa, na paka naye akaja (hilo lilikuwa sharti lake). Mwanaidi akaanza kumwita Kombo mjomba, lakini kwa miezi kadhaa ulimi ulikuwa ukimponyoka, na kila ulipomponyoka nilinyamaza, kwa sababu lile jina mwenzangu alilifanyia kazi.

Leo Mwanaidi ana wanawe watatu, na nikibisha hodi kwake huwaambia, "Simameni sawasawa, Baba Mizani kaja kuwapima." Watu wakicheka na mimi nacheka. Lakini niliapa siku ile na sijavunja, kwa mwanangu siendi na zawadi. Zawadi huipeleka Zaina, siku nyingine. Mimi naenda na mikono mitupu, ili nikifika niwe na cha kubebea wajukuu.