Bi Usiguse na Mrija wa Mpwa Wake

Wenzake kazini walimwita Bi Usiguse, wala hawakumsingizia. Muuguzi huyu wa wodi ya watoto wachanga mahututi aliwahi kumzuia mchungaji mlangoni kwa sababu ya saa ya mkononi. "Mungu anakusikia hata ukiwa koridoni," alimwambia. "Hiyo saa ndiyo sitaki iingie."

Kisha wifi yake akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo kama ndala na hajui kunyonya, hivyo akawekewa mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu, wa kumpitishia chakula na dawa. Bibi wa mtoto, yaani mama mzazi wa Bi Usiguse, akatua wodini na bangili za kutosha kufungulia duka.

"Mama, vua zote. Halafu nawa mpaka kwenye viwiko."

"Wewe nilikuogesha kwa mikono hii hii, na hukufa."

"Mimi sikuwa na mrija unaoelekea moyoni. Uchafu ukipita hapo umeshaingia kwenye damu."

Mama akanawa huku amenuna. Pete ya ndoa ikagoma kutoka. Ikapakwa sabuni, ikavutwa, mpaka akasema hata marehemu mumewe hakuwa mbishi hivyo.

Bi Usiguse hakugusa mrija ule kabla ya kusugua kifuniko chake kwa spiriti na kungoja kikauke. Na kila asubuhi yeye na daktari waliulizana kama bado una kazi. Mtoto alipoanza kumudu maziwa, wakakubaliana utoke.

"Mnamng'olea uhai wake," mama akasema, machozi yakimlengalenga.

"Mlango usio na kazi hufungwa, Mama. Ukibaki wazi, mwizi hangoji kukaribishwa."

Aliuvuta taratibu, mkono umetulia. Baadaye, chooni, alifungulia bomba ili wenzake wasimsikie akilia. Siku zilizofuata alimpima mtoto joto hata pasipo haja, akiwinda homa. Homa haikuja.

Mtoto akanenepa, akaruhusiwa kwenda nyumbani na mashavu ya mwenyekiti wa chama. Mama akawatangazia majirani kwamba maombi yake ndiyo yaliyomponya. Bi Usiguse, aliyekuwa amempakata mpwa wake, hakubisha. Alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa ndiyo kwanza amemkojolea.