Harusi ya Minyoo wa Baharini

Miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia Kasoli, kila mmoja alikuja na mzani wake na maneno matamu ya kubembeleza pamba. Maneno yao yalinipita tu. Yaliyonikaa ni ya minyoo.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa sekondari, na akili zake za darasani alizitoa kwangu, sibishani na mtu. Somo la minyoo wa baharini alilisoma kwa Kiingereza, kisha akanigeuzia Kiswahili ili limwingie. Mambo ya mwili hayasemwi mbele ya baba, lakini kwetu bibi na mjukuu ni watani. Aliniita mke mwenza.

"Mke mwenza, sikiliza," aliniambia siku moja, nami napepeta choroko. "Mwezi wao ukifika, jike anaachia mayai, dume anaachia mbegu. Vinakutana humo humo majini, yai linarutubishwa."

"Hawagusani?"

"Hawagusani. Wengine wanakata mkia tu, ndio unaokwenda. Kichwa kinabaki shimoni."

"Mkia unakwenda harusini, kichwa kimelala nyumbani! Na ng'ombe wa mahari anatoa nani?"

Mwanangu, baba yake binti, alikuwa nyuma ya ukuta akiosha bomba la dawa ya pamba. Alidaka jike, dume, mbegu, mwezi ukifika. Akaingia amefura kama chura.

"Shule basi! Kesho unashika jembe. Mwanaume gani huyo?"

Binti machozi yakamlenga. Nikajibu mimi: "Mnyoo."

"Mayu, mama yangu, usinitanie."

"Mnyoo wa baharini. Anarutubisha yai."

Sasa mwanangu neno kurutubisha alilijua kwa bwana shamba tu: ni kutia mbolea.

"Mbolea haishikiki, serikali imetuachia wenyewe, shamba langu linakula vumbi, halafu nyie mnamtilia mnyoo?"

Nilicheka hadi choroko zikamwagika. Binti akajifuta macho, akamweleza baba yake mwenyewe, kichwa chini, neno kwa neno. Mwanangu akakaa juu ya gunia.

"Wote wanatoka siku moja? Nani anawaita?"

"Mwezi, baba."

"Loo. Sisi mwenyekiti anatuita kwa filimbi na hatufiki."

Akainuka, akachukua bomba lake. Mlangoni akageuka.

"Kesho ukifika darasani, muulize mwalimu: hicho kichwa kinachobaki kinaota mkia mwingine, au ndiyo kimekwisha?"