Nguo ya Ufukweni Niliyoshona kwa Kitambaa cha Bibi

Sisi tuliokulia Singida mjini enzi zile, nguo ya dukani tuliiona Idi kwa Idi. Siku nyingine ulivaa kilichotoka kwenye cherehani ya mama, na sindano uliijua kabla hujajua kuandika jina lako vizuri. Watoto wa leo, kifungo kikikatika, shati linatupwa!

Nilikuwa na miaka kumi na miwili binamu yangu Rehema alipokuja likizo kutoka Tanga. Alikuja na nguo ya ufukweni: pana, nyepesi, unaivaa ukitoka majini, upepo unaingia huku unatokea kule. Nasi ziwa Singidani tulikuwa nalo, na upepo ndio usiseme. Niliitamani hadi chakula kikanishinda.

Asubuhi moja mama alipokwenda sokoni, nikafungua sanduku la bibi. Chini kabisa, chini ya kanga zinazonukia udi, nikakuta kitambaa cheupe, chepesi kama ganda la kitunguu. Nikakikunja mara mbili, nikakata tundu la shingo, nikaacha mikono mipana, nikapiga pindo. Adhuhuri ilikuwa tayari. Tukaenda ziwani na Rehema, tukaoga, nikarudi nimeivaa inapepea njia nzima.

Bibi alikuwa uani anapepeta mtama.

"Shikamoo bibi! Tazama nilichoshona!"

Ungo ulimdondoka. Mtama ukamwagika, kuku wakaukimbilia, hakuna aliyewafukuza. Mama akatoka jikoni, akajishika kichwa.

"Yarabi! Wewe mtoto, hiyo ni sanda ya bibi yako!"

Kumbe babu aliileta kutoka Makka kabla hajafariki, imeoshwa kwa maji ya Zamzam. Nilikuwa nimetoka ziwani nikicheka, nikikimbizana na Rehema njia nzima, nimevaa sanda!

Bibi hakunipiga. Alinizunguka polepole, akagusa pindo.

"Umeivaa kabla yangu," alisema, akaingia ndani.

Siku tatu hakunisemesha. Kimya kile kiliniumiza kuliko fimbo za mama. Siku ya nne akaniita chumbani, akaniwekea nguo mapajani, imefuliwa na kukunjwa.

"Sanda haishonwi, mjukuu wangu. Ukishaitia uzi, hiyo ni nguo ya aliye hai. Ivae."

Nililia kwa kwikwi. Sikuthubutu kuivaa tena. Bibi aliishi miaka tisa zaidi. Siku alipofariki ilinunuliwa bafta nyeupe ya sanda dukani, na kina mama walipouliza nani ataikata, mama alinitaja mimi.

Juzi binti yangu kaagiza nguo ya ufukweni kwa simu, ikaletwa na bodaboda hadi mlangoni. Nikamuuliza kaishona nani.

"Sijui, mama," alijibu, macho kwenye simu.

Nilishtuka. Kabati lake limejaa hadi mlango haufungi, na hakuna hata nguo moja anayoweza kuniambia imetoka mikononi mwa nani.