Nyayo za Lakshmi Nyumbani kwa Kantaben

Jirani yangu wa Bunju, Tusajigwe, anapiga deki kama mtu anayelipiza kisasi. Kwake huingii na viatu. Hata mchungaji wetu huviacha barazani. Amefanya kazi miaka kumi na moja Kinondoni kwa Kantaben, bibi wa Kihindu anayeishi peke yake, na ugomvi wao ni mmoja tu: nani kati yao anajua zaidi usafi.

Ndiyo maana aliipenda Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, tangu mwaka wa kwanza. Kantaben alimsimulia jinsi mwanamfalme Rama alivyorudi kwao baada ya miaka kumi na minne porini, watu wakamwashia taa njia nzima. Hiyo ilimwingia kiasi. Kilichomkosha roho ni Lakshmi, mungu wa kike wa neema, ambaye jioni hiyo hupita nyumba kwa nyumba na kuingia zilizo safi. "Huyo mama tungeelewana," aliniambia, na hapo ni mzee wa kanisa.

Kila Diwali, Kantaben humchorea Lakshmi njia. Huchovya ngumi kwenye uji mwembamba wa unga wa mchele, akagonga ubavu wake sakafuni, kisha akadonoa vidole vitano juu yake. Unakuwa unyayo mdogo, mmoja baada ya mwingine, kutoka mlango wa mbele hadi rafu ya ibada karibu na jiko. Mwaka jana magoti yalimgomea. Alisema nyumba ambayo mwenyewe hawezi kumwita Lakshmi imekwisha, akampa Tusajigwe bakuli, akaenda kujilaza.

Tusajigwe alichora kama anavyopiga deki. Alianza mlangoni, akarudi kinyumenyume kuelekea jikoni asije akakanyaga kibichi. Nyayo zilitoka nzuri ajabu, na vidole vyote vilitazama barabarani.

Kantaben aliamka, akavaa miwani, akashika kifua.

"Tusa! Umemfukuza!"

"Nani tena, Mama?"

"Lakshmi! Si unaona anatoka?"

Tusajigwe akakimbilia tambara. Bibi akapiga kelele zaidi, maana jioni ya Diwali hakuna kufagia wala kufuta. Ukifuta, unaitoa neema nje. Jua lilikuwa linazama. Kwa mara ya kwanza maishani, Tusajigwe aliona kazi mbovu sakafuni akakatazwa kuigusa. Nilicheka aliponisimulia. Yeye hakucheka. Aliogopa kweli, kwa sababu bibi alikuwa anatetemeka.

Akamshika kwapani. "Basi mwite mwenyewe, Mama. Mie nakushikilia."

Wakaanza mlangoni, safari hii wakitazama ndani. Kantaben akainama, akagonga ngumi, akadonoa vidole. Tusajigwe akamwinua, wakapumzika, wakasogea. Nyayo zilipinda kama za mtoto anayejifunza kutembea. Zilipofika kwenye rafu, bibi alikuwa amelowa jasho na anacheka.

"Na hizi zangu za kutoka, tufanyeje?" Tusajigwe akauliza.

Kantaben akazitazama. "Ziache. Huyo anakwenda na wewe Bunju."

"Mama, mie Mmoravian."

"Kwani Wamoravian nyumba zao hazina mlango?"

Hapo ndipo Tusajigwe alipolia, bakuli mkononi. Miaka yote hiyo, aliniambia, bibi hakuwahi hata kumuuliza kama Bunju ana nyumba.