Programu ya Harusi Iliyokataa Kufunguka

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la kupiga chapa pale mtaani Jericho, lenye kompyuta mbili zilizounganishwa. Mama mmoja, shangazi wa bibi harusi, alitaka programu ya harusi ibadilishwe ili yeye ahutubu kwanza. Mpiga chapa akatikisa kichwa.

"Imekataa, mama. Kuna mtu ameifungua kwa ile ingine."

Tukageuka. Kwenye kompyuta ile ingine, mjomba wa bwana harusi alikuwa ameinama akimnong'oneza mpiga chapa wa pili, "Niweke mbele ya yule shangazi."

Mama akashika kiuno. "Kumbe ni wewe!"

Walicheka mpaka machozi, wakavuta viti wakaketi pamoja.

Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi mitaa hii. Zaidi ya ile kompyuta, sijawahi kuona mwenyekiti mwingine akiwaruhusu watu waongee mmoja mmoja.