Ordinatere yangu ilikataa kumujua mama

Leo ordinatere yangu, kompyuta ile, ilikataa kumujua mama yangu. Ndani ya nyumba yake mwenyewe!

Munajua ile mashini ya zamani, ya ekran munene, kile kioo cha mbele, miezi tatu niko naitengeneza. (Mama aliifunikaka na kitambaa ya maua, aliona ni meza.)

Leo ikawaka. Nikaiandikia programu kidogo. Inakuuliza jina. Kama uko mutu wa nyumba, inakusalimia na kukuuliza kama umekula, sawa vile mama anafanyaka na kila mutu anayeingia kwetu.

Nikamuita: "Mama, kuya uandike jina yako."

Akavaa miwani. Kidole moja, pole pole: ESPERANCE.

Ekran ikajibu: SIKUJUE.

Jamani, nilisikia haya sana!

Ni juu miye niliwekaka MAMA DIDIER ndani ya programu. Didier ni miye, mutoto wake wa kwanza. Kartie nzima, mutaa wote, inamuitaka vile.

"Iko na haki," mama akasema, akacheka kidogo. "Tangu nilikuzala weye, hakuna mutu aliniitaka ile jina."

Nikabadilisha ile mustari palepale. Nikaweka ESPERANCE.

(Weye unayesoma, mama yako anaitwa nani? Andika hapa chini. Jina yake, hapana yako.)

Akaandika tena.

JAMBO ESPERANCE. UMEKULA?

Akaiangalia sana. Kisha akaweka mukono juu ya mashini, akaijibu na mudomo:

"Bado, mwana wangu. Na weye?"