Geti la Pembeni

Mama mkwe wangu alifua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na saba, chini kabisa ya jengo, kwenye chumba kisicho na dirisha hata moja. Wenzake walimwita Mama Mashuka, na mpaka leo akikutana na nesi mstaafu barabarani ndivyo anavyoitwa. Kabla ya kutia shuka kwenye mashine alikuwa analikunjua lote na kulipitisha mikononi pembe kwa pembe, kwa sababu manesi wana haraka na wagonjwa wanasahau vitu. Ameshakuta pete, meno ya bandia, sindano, na siku moja kidole cha mguu, ambacho alikifunga kwenye kitambaa safi akakipandisha wodini mwenyewe. Akisimulia hayo mimi huweka kijiko chini. Yeye anaendelea kula.

"Ya mwili si uchafu," huniambia. "Mwili haukupenda."

Mimi ni mtu wa kinyaa, sifichi. Nilipoolewa nilikuwa siwezi kunywea kikombe alichonywea mtu mwingine. Mama aliliona hilo siku ya pili tu, akaninunulia kikombe changu cha bluu akakitundika msumari wa peke yake. Ndiyo maana nampenda.

Mwaka juzi alianguka akitoka kuoga, nyonga ikavunjika. Tangu hapo anatembea na fremu, ile ya bomba jepesi yenye miguu minne na mipira chini. Anaisogeza mbele, anasimama, anavuta mguu wa kushoto, anasimama, anavuta wa kulia. Kutoka kitandani kwake mpaka mlangoni ni hatua kumi na nane. Mwanangu, ambaye naye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, hushika bomba moja wakaenda pamoja, wote wawili wakihema kama wamebeba magunia.

Kitu kimoja alikuwa anakitaka, na alikisema kwangu mara moja tu, tukichambua maharage. Wakati bado yuko kazini, ng'ambo ya ukuta wa hospitali walijenga bustani ya michezo yenye gurudumu kubwa la kupandisha watu juu. Saa ya chakula alikuwa anapanda ngazi kutoka kule chini, anasimama karibu na mapipa ya taka, analitazama linavyozunguka polepole juu ya ukuta. Akajiahidi kwamba akistaafu atalipanda. Alipostaafu ikaja nyonga.

Kwa hiyo wifi yangu alipokuja na kusema, "Mama, Jumamosi tunakutoa, tunakwenda kule bustanini ukapate hewa," Mama alijibu "Haya" kama mtu aliyeambiwa chai iko tayari. Lakini gauni lake aliliosha mara mbili, na Ijumaa jioni nilimkuta amekaa kitandani anasugua mipira ya fremu kwa mswaki wa zamani.

Wifi ndiye binti yake wa pekee. Anasuka nywele saluni, ana mdomo wa kuchekesha watu hata msibani. Alikuja na wenzake wawili wa saluni, wamevaa, wamenukia, wifi na raba nyeupe mpya. Mume wangu alikuwa zamu kiwandani. Tukaenda hivyo: Mama, mimi na mtoto mgongoni, na hao watatu.

Getini mhudumu aliiona fremu, akamfunga Mama utepe mwekundu mkononi. Akatueleza kwamba mwenye utepe huo hapangi foleni. Kila mchezo una geti la pembeni, atapita yeye na walio naye. Wifi akawaangalia wenzake, nao wakacheka chini chini. Nikajua kwamba habari ile haikuwa mpya kwao.

Nisijifanye mtakatifu. Foleni ya farasi wa kuzunguka ilikuwa imejikunja mara tatu juani, na mtoto alikuwa amelowa jasho mpaka mgongo wangu umelowa. Tulipopita pembeni mbele za watu wote wale, nilifurahi. Mama hakuweza kupanda farasi. Wifi akamwambia, "Kaa hapo kwenye benchi Mama, tunarudi sasa hivi." Benchi lilikuwa na soda iliyokaukia, inzi wametua juu yake kama zabibu. Nikalifuta kwa nepi, nikamkalisha, nikaenda kupanda. Kila tukizunguka nilimpungia mkono, naye akinipungia.

Baada ya hapo wakaenda kwenye magari ya kugongana, wakaenda kwenye vikombe vinavyozunguka, wakaenda kwenye mashua inayobembea. Mimi sikupanda tena, nilibaki naye. Kila mara ilikuwa vilevile: wifi mbele anatanua njia, "Samahani, samahani jamani, tuna mgonjwa."

"Mimi siumwi," Mama akasema.

"Ndiyo Mama. Sogeza mguu."

Wakishapita, Mama hana kazi tena. Anaachwa penye benchi, na pasipo na benchi anaachwa amesimama ameegemea fremu. Wao wakitoka upande wa pili wanakuja wanacheka, wanajifuta midomo, na kabla hawajamaliza kucheka wanamwambia, "Haya Mama, twende kule." Hatua zake zile. Mahali pale ni pakubwa. Chini kulikuwa na mabaki ya ndizi, vijiti vya barafu, mate, na harufu ya mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi. Mipira aliyoisugua ilianza kunata, kila akiinua fremu ikitoa sauti ya kubanduka.

"Gurudumu lini?" aliuliza.

"La mwisho, Mama. Lile ni la kusinzilia."

Kwenye mashua alitokea kijana mmoja wa miwani myeusi, na mchumba wake amemshika kiuno. Alikuwa ametuona. Akamwambia wifi, "Dada, na sisi tuwe wajukuu wa bibi, barafu juu yangu." Wifi akacheka, akasema wajukuu wanakaribishwa. Yule kijana akampigapiga Mama begani kama unavyopiga mbuzi wa mnadani. Hakumsalimia. Wakapita wote, na wifi alipotoka alikuwa analamba barafu iliyomchuruzika mpaka kiwiko. Mama hakuletewa.

Nilisema, "Wifi, Mama amechoka."

"Si amekaa? Sisi ndio tumesimama." Akalamba kiwiko. Wenzake wakacheka.

Kisha wakataka treni ya juu, ile inayopinduka watu wakapiga kelele. Chini ya reli palikuwa na mtu ametapika, pamemwagiwa maranda ya mbao, na viatu vya watu vimeyasambaza mpaka getini. Nikaziba pua kwa ncha ya kanga. Mlinzi wa geti lile alikuwa mtu mzima mwenye kalamu sikioni, anamtazama kila mtu kutoka juu mpaka chini. Wifi akamwona. Akainama kwenye sikio la mama yake, lakini mimi nilikuwa upande wa pili na nikasikia.

"Mama, huyu ana sura ya ubishi. Legea kidogo. Inamisha kichwa."

Na Mama akainamisha. Mama huyu, ambaye amevunjika nyonga na bado anatembea mgongo umenyooka kama rula, alilegeza mabega, akaachia mdomo wazi kidogo. Mlinzi akafungua. Wakapita watano, wakisukumana.

Nimeshafuta matapishi ya mtoto kwa mkono mtupu, nimeshanyonya kamasi puani mwake alipokuwa hawezi kupumua, wala sikusikia kitu. Pale getini kilinipanda kinyaa mpaka nikameza mate mara tatu. Nilimsogeza Mama pembeni, kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi. Alifunga mdomo, akaurudisha mgongo wake polepole, pingili kwa pingili.

Walipotoka walitaka kurudia treni. Mama akasema, "Naenda kwenye gurudumu." Hakuuliza sasa. Akageuza fremu akaanza kwenda, na kwa sababu utepe ulikuwa mkononi mwake, wote ikabidi tumfuate kwa mwendo wake. Wifi akawa anasonya nyuma. Mmoja wa wasusi akasema, "Konokono anatuongoza," na yule kijana wa miwani akacheka sana.

Penye geti la pembeni la gurudumu alikuwepo mama mmoja mnene, filimbi shingoni, kitambulisho kimefifia. Foleni ya watu ilikuwa ndefu, inatuangalia.

"Shikamoo Mama," alisema yule mhudumu.

"Marahaba mwanangu."

Tangu asubuhi, mtu wa kwanza kumsalimia.

"Tuko saba na katoto," wifi akadakia. "Wote familia."

Mhudumu hakumtazama. "Mama, walio na wewe ni wepi?"

Mama aliachia mkono mmoja kwenye fremu. Alitupitia mmoja mmoja, bila haraka: yule kijana, mchumba wake, wasusi wawili, binti yake, mimi. Aliponifikia mimi, sikuwa na uhakika kama atanitaja.

"Huyu," akasema. "Na huyo wa mgongoni."

"Na huyu dada hapa?"

"Huyo nimemzaa mimi," Mama akasema. "Lakini leo hakuja na mimi."

Watu wa mbele kwenye foleni walikuwa wamesikia. Mtu mmoja akakohoa. Wifi akacheka, ile sauti yake ya saluni. "Mama yangu anapenda utani. Mama, mwambie."

"Foleni ile pale," Mama akasema.

Mhudumu akanyanyua mnyororo, tukapita, akaushusha nyuma yetu. Akapuliza filimbi, gurudumu likasimama kabisa, akamshika Mama kwapani akamwingiza, kisha akaichukua fremu akaiegemeza ukutani. Kiti kilikuwa na ubani uliotafunwa na alama ya kiatu cha mtu. Nilisitasita. Mama alipangusa kwa kiganja, akakaa.

Tulipopanda nilifumba macho.

"Fumbua. Tumekuja kuangalia."

Nikafumbua. Nilidhani ataitafuta hospitali, na kweli ilikuwa pale chini, mabati yake na matangi yake. Aliitazama kidogo tu. Kisha akatazama mbali, mabarabara, nyumba, moshi, mahali ambapo nyumba zinakwisha. Upepo ulimvuta kilemba akakishika. Sijawahi kumwona ametulia vile, lakini hakuwa na uso wa furaha. Mzunguko wa kwanza ulikwisha hivyo. Wa pili, tulipofika juu, akasema bila kunigeukia:

"Wewe kwenye farasi ulifurahi."

Nilitaka kusema ni kwa sababu ya mtoto, jua, jasho. "Nilifurahi, Mama."

"Nilikuona."

Macho yakaanza kuniuma.

"Usilie," akasema. "Utamwamsha."

Tuliposhuka, foleni ilikuwa haijasogea sana. Wifi alikuwa katikati yake peke yake. Yule kijana na mchumba wake walikuwa wameondoka mara tu mnyororo uliposhushwa, na wasusi wamewafuata, wanakwenda kutafuta bibi mwingine labda. Alipotuona alitoka kwenye foleni, akaja amekaza midomo.

"Umeniaibisha, Mama. Mbele ya wenzangu. Kesho nitawatazamaje?"

Mama alikuwa anashika fremu vizuri, kushoto, kulia.

"Nina haja," alisema. "Tangu tumeingia nina haja. Nipeleke."

Nami nikahesabu tangu tumeingia: saa tano. Saa tano nzima, na mimi ninayejidai namjali nilimpa maji mara mbili na sikumuuliza.

Choo kilikuwa nyuma ya vibanda vya chakula. Nilikinusa kabla sijakiona. Kina kizingiti kirefu, mlango mwembamba, na fremu haikuingia, si wima wala upande. Ndani maji yalikuwa yamefurika, karatasi zinaelea, na zaidi ya karatasi. Wifi akanitazama. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni amelala. Ningeweza kumfungua nikampa wifi amshike. Najua ningeweza. Nikaweka mikono yangu juu ya fremu, nikabaki nimesimama.

Wifi akavuta pumzi. Akakunja suruali, akaingia na raba zake nyeupe, akamnyooshea mama yake mkono mmoja, mwingine uko puani.

"Toa mkono puani," Mama akasema. "Nishike kwa yote miwili."

Akamshika. Mama akauvusha mguu wa kushoto, akasimama, akauvusha wa kulia, uzito wake wote mabegani kwa binti yake. Mlango ukajifunga nusu.

Wanawake walianza kujipanga nyuma yangu. Niliwasikia wale wawili wanasogea mle ndani, maji yanapigwa na viatu, Mama anaelekeza: hapo, geuka, usiegemee ukuta, polepole. Kisha nikamsikia wifi anatapika, anatapika kweli, kutoka tumboni.

"Maliza," sauti ya Mama ikasema, ile aliyokuwa akinitolea mimi nilipokuwa na mimba na nikishindwa kula. "Maliza yote. Halafu unipandishe nguo."